Snea ya mbao za zamani: inapokataa kulia vizuri, anza kutafuta hapa

Snea, yaani ngoma fupi yenye nyaya zinazolia chini ya ngozi ya chini, ikitengenezwa kwa mbao zilizowahi kuwa mlango, sakafu, boriti au ubavu wa jahazi huwa na makosa ya aina mbili. Yapo yanayotibika kwa ufunguo wa ngoma na bisibisi, na yapo yasiyotibika mpaka ngozi zivuliwe na mzinga (kiwiliwili cha ngoma) urudi mezani kwa fundi. Watu wengi humaliza ngozi mbili tatu mpya kabla ya kukubali kwamba ugonjwa uko kwenye mbao. Kwa hiyo kwanza kaza, legeza na sogeza. Hilo likishindikana, vua ngozi zote mbili na upime mzinga ukiwa mtupu.

Vipimo vya hapa ni vya snea ya inchi 14: mzinga wa vibao 20 vilivyosimamishwa kama vya pipa na kuunganishwa kwa gundi, unene wa mm 10 baada ya kukerezwa, kipenyo cha nje mm 352 hadi 353, kimo mm 140 au 165, na boliti 10 za kukazia kila upande. Tunaposema mdomo ni ule ukingo ambao ngozi inaukalia. Mbonyeo ni bonde dogo kwenye mdomo wa chini linalopitisha nyaya.

Vibao havifungi duara

Pangilia vibao vyote 20 bila gundi, sura ya nje ikiwa juu, vibandike utepe wa karatasi, vigeuze na uvikunje kuwa duara. Mwanga haupaswi kupita kwenye kiungo chochote. Ukipita, tatizo karibu kila mara ni pembe ya msumeno.

Hesabu yake haina huruma. 360 gawa kwa 20 ni 18, na vibao viwili vinavyokutana hugawana hizo 18 nusu kwa nusu, kwa hiyo kila ukingo unakatwa kwa digrii 9. Kingo ziko 40. Msumeno ukikosea sehemu moja ya kumi ya digrii tu, kosa linarudiwa mara 40 na kuwa digrii 4, ambazo kwenye duara la ukubwa huu ni mwanya wa karibu mm 12 mwishoni. Vipima pembe vya dijitali vya bei nafuu vyenyewe vinaweza kukosea kiasi hichohicho, kwa hiyo namba ya kwenye kioo chake isikutulize. Kabla ya kugusa mbao nzuri, kata duara la majaribio kwa mbao ya ovyo, vipande 20 vya kimo cha mm 30, na urekebishe msumeno mpaka duara hilo lifunge.

Angalia mwanya umefungukia upande gani. Vibao vikigusana kwa ndani na kuachana kwa nje, pembe ni ndogo mno. Vikigusana kwa nje na kuachana kwa ndani, pembe imezidi. Mwanya ukiwa juu na chini hakuna, au kinyume chake, msumeno hauna kosa: kibao kimepinda. Mbao iliyokaa miaka 40 ndani ya mlango hubeba mpindo ambao jicho halioni, kwa hiyo sura moja na ukingo mmoja vipigwe randa mpaka vinyooke kabla ya kukata pembe yoyote.

Kuvuta mwanya ufunge kwa mkanda wa recheti si tiba. Kiungo kilichokauka huku kimevutwa kwa nguvu ndicho cha kwanza kufunguka kiangazi kikiingia. Tiba ni kuunganisha nusu mbili za vibao 10 kila moja na kuacha viungo viwili vinavyotazamana bila gundi. Zikishakauka, gundisha msasa namba 80 juu ya kioo kinene au kipande cha graniti kilichobaki kwenye meza ya jikoni, kisha sugua kila nusu huku miguu yake yote miwili ikigusa kwa pamoja, mpaka ilale bila kucheza. Kosa lote lililojikusanya linaishia hapo, na nusu hizo zitakutana kwa gundi bila kulazimishwa.

Kibao kiwe na upana wa mm 57 kwa nje na unene wa mm 18 hadi 20, la sivyo kerezo litafika kwenye unene wa mwisho kabla kona za vibao hazijaisha. Urefu unaohitajika ni 20 mara mm 180, yaani mita 3.6. Tafuta si chini ya mita 4.5, na uzipime baada ya kung'oa misumari na kukata sehemu zilizooza, si kabla.

Kiungo kimeachia

Usikimbilie kupaka gundi tena. Tazama kwanza sura zilizoachana. Ukiona nyuzi za mbao zimeng'oka na kubaki kwenye gundi, gundi ilishika na mbao ndiyo iliyoshindwa, kwa hiyo chanzo ni unyevu au mvuto. Ukiona gundi imebanduka nzima, laini na yenye kung'aa, basi haikuwahi kushika. Gundi nene yenye vipovu maana yake ni kwamba kiungo hakikukutana tangu mwanzo: rudi kwenye pembe.

Gundi isiyoshika kwenye mbao za zamani ina sababu zinazojulikana. Mtiki una mafuta yake ya asili yanayopanda juu baada ya kukatwa, kwa hiyo pitisha randa, futa kwa kitambaa chenye asetoni, acha ikauke, na upake gundi saa hiyohiyo. Vibao vilivyokatwa Jumamosi na kupakwa gundi Jumamosi inayofuata vitakusumbua. Mbao za jahazi zina balaa jingine: huenda zilipakwa sifa miaka nenda miaka rudi, na mafuta hayo ya papa hayaishii juu tu. Dondosha tone la maji kwenye sura uliyoipiga randa sasa hivi. Likitanuka na kunywewa, endelea na kazi. Likibaki limesimama kama shanga, mafuta bado yapo, ondoa milimita nyingine na ujaribu tena. Ukifika mm 18 na tone bado limesimama, kibao hicho kitafaa kwa rafu.

Halafu kuna chumvi. Mbao zilizokaa baharini hunywa unyevu wa hewani siku za mvua hata zikiwa ndani ya nyumba, na chumvi hiyohiyo huanza kula skrubu za chuma kabla ya mwaka kwisha. Zilowekwe kwenye maji baridi yanayobadilishwa kwa siku kadhaa, kisha zikaushwe kivulini zikiwa zimetenganishwa kwa vijiti. Skrubu ziwe za chuma kisichoshika kutu.

Gundi nyeupe ya mbao inatosha kwa mninga, mkangazi na paina. Kwa mtiki na mbao za jahazi epoksi ni salama zaidi, lakini usiibane kwa nguvu zako zote kwa sababu itakamuliwa yote na kiungo kitabaki kikavu. Aina yoyote uliyotumia, kerezo lisubiri saa 24.

Ngozi haiingii, au mzinga umekuwa yai

Ngozi inatakiwa ishuke kwa uzito wake na izunguke ukiisukuma kwa kidole kimoja. Ikikwama pande mbili zinazotazamana huku pande nyingine zikiwa na nafasi, mzinga umeacha duara. Ikikwama kote, mzinga ni mkubwa. Pima kipenyo sehemu sita, juu na chini. Tofauti ya mm 1 kati ya kipenyo kirefu na kifupi inavumilika, lakini ikifika mm 2 ringi (duara linalobana ngozi) itavutwa upande mmoja na boliti zitaanza kulia kwa kukwaruza. Ukipita mm 354 hivi kwa nje, vanishi ikiwemo, ngozi nyingi za kiwandani zinaanza kubana.

Chanzo ni unyevu, na mzinga wa vibao huhisi unyevu kuliko mizinga mingine. Nyuzi za mbao zimesimama wima, kwa hiyo mzunguko wote wa mm 1,106 ni mbao iliyolazwa kwa upana, upande ambao mbao hupungua na kuvimba. Mtiki uliopasuliwa kwa ubapa hubadilika takriban asilimia 0.2 kwa kila asilimia moja ya unyevu. Ukishuka kwa asilimia 4, mzunguko unapungua karibu mm 9 na kipenyo karibu mm 3. Snea iliyokerezwa mahali pakavu bara na kupelekwa kupigiwa Mombasa au Unguja itavimba kwa kipimo hichohicho, na ngozi iliyokuwa inazunguka kwa kidole itang'ang'ania.

Kwa hiyo mbao zikaushwe hadi asilimia 10 au 12. Kama huna kipima unyevu, mizani ya jikoni na oveni zinatosha. Kata kipande kidogo, kipime, kiweke kwenye joto la nyuzi 103 za Selsiasi mpaka uzito usishuke tena, kisha toa uzito mkavu kwenye uzito wa mwanzo, gawa kwa uzito mkavu na uzidishe kwa 100. Kipande cha gramu 58 kilichobaki na gramu 50 kilikuwa na asilimia 16. Hapo subira inahitajika. Ukiwa na uwezo wa kuchagua, chukua mbao ambazo mistari yake ya umri inasimama wima ukiziangalia kwa mwisho wake, maana hizo hubadilika karibu nusu ya zile za ubapa. Mninga una sifa nzuri ya kutulia. Paina ya mapaleti ndiyo hutangatanga.

Paka vanishi ndani na nje. Mzinga uliopakwa nje peke yake hunywa unyevu upande mmoja na kujikunja, na hapo ndipo umbo la yai huzaliwa hata kama mbao ilikuwa kavu.

Mzinga mkubwa unarudi kwenye kerezo. Wa yai mdogo, chini ya mm 2, unaweza kuokolewa kwa kukereza tena nje na ndani iwapo ulianza na unene wa mm 12. Ukiwa tayari umefika mm 8 au chini yake, uimarishe kwa pete za mbao gumu zilizogundishwa ndani, juu na chini, unene mm 6 na kimo mm 25, kisha kata midomo upya.

Ngozi haishiki sauti moja

Dalili: umekaza boliti zote sawa, lakini ukigonga karibu na kila boliti sauti zinatofautiana, na sehemu moja inabaki na makunyanzi. Kuna washukiwa watatu, nao ni ringi, ngozi na mdomo. Kuna njia ya kuwakamata bila kununua chochote.

Bandika kipande cha utepe kwenye ringi, kwenye ngozi na kwenye mzinga, vyote vitatu mahali penye makunyanzi. Legeza, zungusha ringi peke yake kwa nafasi mbili za boliti, kaza tena. Makunyanzi yakihama na utepe wa ringi, ringi imepinda. Yasipohama, legeza tena na uzungushe ngozi peke yake. Yakifuata ngozi, ngozi ni mbovu. Yakibaki palepale kwenye utepe wa mzinga, mdomo una bonde.

Mdomo hupimwa juu ya kioo au graniti. Zima taa za chumba, weka tochi ndani ya mzinga, zungusha jicho lako usawa wa meza. Mahali panapovuja mwanga, jaribu kuingiza fila (bamba jembamba la kupimia mwanya) ya mm 0.1 ya mafundi wa magari. Ikiingia, sugua mdomo mzima juu ya msasa namba 120 uliogundishwa kwenye graniti, ukizungusha mzinga robo kila baada ya misuguo michache ili mkono wako usizidishe upande mmoja. Kwa mdomo wa chini, mwanga kwenye mibonyeo miwili ni halali. Kwingine kote si halali.

Ukishanyooka, kilele cha mdomo kitakuwa kimelala bapa, kwa hiyo rudisha mshazari wa digrii 45 upande wa ndani kwa rauta (mashine ya kuchonga kingo) na uvunje ukali wa nje kwa mviringo wa mm 2 hivi. Kilele kilichobaki bapa kwa mm 2 au 3 huzima mlio, na watu husema snea haina uhai wakidhani ni aina ya mbao. Rauta ikichana nyuzi kwenye mdomo wa mvule au mninga, unakata kina kikubwa kwa mara moja: chukua mm 1 tu kila mzunguko, na mkato wa mwisho uwe mwembamba kama karatasi.

Paina ina ugonjwa wa pekee. Mdomo unakuwa sawa siku ya kwanza, kisha ngozi inauchimba na sauti inashuka kila wiki. Lowesha kilele kwa supagluu nyepesi, acha inywewe, piga msasa namba 320, rudia mara moja. Kwa mbao zote, sugua nta ya mshumaa kwenye mdomo kabla ya kuweka ngozi, ili iteleze na kujipanga yenyewe.

Nyaya hazijibu, au zinalia ovyo

Zima nyaya, yaani ziachie zisiguse ngozi, na upige. Kama kelele ipo palepale, nyaya hazina kesi, nenda kwenye sehemu inayofuata.

Washa nyaya na uguse ngozi ya juu katikati kwa ncha ya kidole, taratibu kabisa, kisha karibu na ringi. Zinatakiwa zijibu kote. Zikijibu katikati tu, tazama ngozi ya chini kwanza. Ni nyembamba sana, mm 0.075 hivi, na inatakiwa ikazwe sana, juu ya ile ya kupigia. Ikilegea, nyaya huchelewa na mlio hujaa mchanga. Watu huogopa kuikaza kwa sababu ya wembamba wake, lakini kinachoipasua kwa kawaida ni kidole au fimbo.

Ngozi ikiwa imekaza na tatizo lipo, pindua ngoma, shusha jicho usawa wa ngozi na uweke taa upande wa pili. Mwanga ukipita chini ya nyaya kwenye ncha zake, karibu na mdomo, mbonyeo ni mfupi au haupo. Kwa nyaya 20, chonga kina cha mm 1 hadi 1.5, sakafu ya upana wa mm 50, kisha mteremko wa mm 25 au 30 kila upande unaopanda polepole. Tumia tupa ya nusu duara na msasa uliozungushiwa kijiti. Rauta hapa huharakisha maafa. Mwanzo wa mteremko usionekane kwa jicho, uhisiwe kwa kidole tu.

Ngozi ikijikunja juu ya mbonyeo na boliti za jirani zikashindwa kuinyoosha, umechonga kupita kiasi. Mbao haiongezeki, kwa hiyo shusha mdomo wote wa chini mm 1 au 2 na uanze upya. Ndiyo sababu mzinga hukatwa ukiwa mrefu kwa mm 3 kuliko kimo kinachotakiwa.

Nyaya za upande mmoja zikilegea na za upande mwingine zikikaza, angalia urefu wa kamba au utepe unaozishika, kisha angalia kama mkono wa kuwashia nyaya na kishikio chake cha upande wa pili vinatazamana kweli. Nusu ya mzunguko ni mm 553 ukipima kwa utepe wa nje. Vyote viwili huwekwa katikati ya boliti na boliti, na mibonyeo iwe sawasawa chini yake.

Mlio uliokufa, mfupi, wa kukabwa, maana yake nyaya zimekazwa mno. Legeza mpaka zianze kutapatapa, kisha rudisha robo mzunguko. Na zile nyaya zinazolia kila tomu (ngoma nyingine ya seti) ya jirani inapopigwa hazina dawa kamili. Badilisha sauti ya tomu kidogo, au legeza kidogo zile boliti nne za chini zilizo kandokando ya mibonyeo.

Boliti zinalegea, vyuma vinatetema

Boliti ngumu kuzungusha inayokwaruza inaonyesha tundu la kishikio chake (chuma kwenye mzinga kinachopokea boliti) lilitobolewa pembeni. Zungushia mzinga ukanda wa karatasi, ukate ukutane sawa, ukunje sehemu 10 (karibu mm 110.6 kila moja) na utumie mikunjo hiyo kuweka alama, badala ya kupima kutoka tundu moja hadi jingine na kubeba kosa hadi la mwisho. Tundu lililokosea kwa mm 1 hadi 2 lipanuliwe kwa tupa na lifunikwe kwa washa pana ndani. Likikosea zaidi, ziba kwa kijiti cha mbao ileile na epoksi, kisha toboa upya.

Boliti zinazolegea zenyewe baada ya kupigwa kwenye ringi huwa na mafuta mengi au mvuto mdogo. Lakini skrubu zinazoshika vyuma kwenye mzinga zikilegea mara kwa mara katika miezi ya mwanzo, mbao bado inakauka na kupungua unene. Weka washa za springi na uzikaze tena kila mwezi mpaka zitulie. Vishikio vya boliti vyenye springi ndani vijazwe pamba kidogo, maana springi hizo hulia kama nyuki. Tundu la hewa liwe la mm 12, na pete yake ya chuma ikicheza, nayo hutetema.

Matundu mapya, madoa meusi, meno ya msumeno yaliyoisha

Unga laini chini ya snea iliyokaa kabatini ni wadudu walio hai, si vumbi la msasa. Ikibidi vua vyuma na ngozi, na upashe mzinga joto mpaka katikati ya mbao ifike nyuzi 56 kwa dakika 30, kipimo kilekile cha mapaleti yenye muhuri wa HT (yaliyopashwa joto). Joto hilo linaweza kulegeza gundi nyeupe, kwa hiyo kazi hii ni bora ifanyike mbao zikiwa bado ghafi. Paleti yenye herufi MB ilifukizwa kwa dawa ya sumu: iache. Mataruma ya reli yaliyolowa kriosoti nayo yaache. Rangi ya zamani ya milango inaweza kuwa na risasi, kwa hiyo ibanduliwe kwa kemikali au ikwanguliwe ikiwa imeloweshwa, isipigwe msasa mkavu.

Madoa meusi yanayozunguka tundu ni kutu ya msumari uliobaki. Pitisha sumaku kali kila upande kabla ya msumeno. Na mvule ukila meno ya msumeno bila msumari wowote kuonekana, tafuta michirizi myeupe migumu: mti huu hujiwekea chokaa ndani ya shina, na hapo sumaku haitakusaidia. Kata polepole kwa blade ya kabidi na uvae barakoa ya FFP2, kwa kuwa vumbi la mvule na la mninga huwasha ngozi na kubana kifua.